Neno la Wazee Katika Hukumu na Katika Bei

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Miasenyi

 

Kamati ya usuluhishi iliombwa na wanachama wengi itoe maelezo juu ya mambo mawili. La kwanza ni haki ya watu wa kawaida kuketi katika hukumu pamoja na jaji, au mahali pa jaji. La pili ni namna ya kupatana juu ya bei za vitu na mapato ya watu, ili mwenye kuuza asimwumize mnunuzi, wala mnunuzi asimfilisi mwenye kuuza. Wako waliotuambia kwamba hizo ni hotuba mbili, na kwamba mahakama na pakiti ya unga havina udugu. Sisi twadhani ni hotuba moja, nasi tutaanza na kesi ambayo wengi wenu mwaijua, maana mlikuwako.

Ilikuwa mwezi wa Julai 2022. Mvua zilikuwa zimekosa misimu minne mfululizo, na hakuna haja ya kuwaeleza ninyi jinsi nchi ilivyokuwa. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara, na mtu aliyekuwa na mbuzi alimwuza kwa bei yoyote aliyopewa, kwa kuwa kesho yake angeweza kumkuta amekufa. Unga wa mahindi, pakiti ya kilo 2, ulikuwa umepita shilingi 200. Ndipo Serikali, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, ikatangaza kwamba pakiti hiyo itauzwa kwa shilingi 100, na tofauti italipwa kutoka hazina. Habari ilisomwa redioni, na watu wakaenda dukani na noti ya mia mkononi.

Mwenye duka wetu akasema kwamba unga wa mia yeye hajauona, na unga alio nao ni wa bei ya zamani. Watu hawakumsadiki. Walisema ameuficha. Wakamleta mbele yetu.

Tulikuwa wazee saba, tumeketi chini ya mgunga. Washitaki wanne tuliwasikiliza tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, kila mmoja akasema alilotaka, na mwingine akarudia aliyoyasema mwenzake. Kisha tukamgeukia mshitakiwa tukamwuliza swali moja tu: Je, wewe wauza pakiti kwa zaidi ya shilingi mia, ama huuzi? Akajibu, Nauza. Akafungua kinywa aendelee, nasi tukamwambia kwamba hilo latosha. Tukamtoza mbuzi mmoja, na tukamwamuru auze unga wote uliobaki kwa shilingi mia. Alilipa. Unga wake ulikwisha kwa siku mbili, watu wakaimba. Siku ya tatu duka lilifungwa, wala halikufunguliwa tena mpaka baada ya uchaguzi, na katika muda huo kila mtu aliyetaka unga, au chumvi, au mafuta ya taa, ilimbidi apande gari mpaka Maungu ama Voi, na nauli ikawa zaidi ya ile nafuu aliyodhani ameipata.

Mama mmoja mzee, naye yuko hapa leo, alikuja kwetu akatuuliza, Ninyi wazee, mlimwuliza alinunua kwa bei gani? Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tulimtuma kijana wa kamati aende nyumbani kwa yule mtu, naye akaletewa sanduku la viatu limejaa stakabadhi. Kila pakiti ilikuwa imenunuliwa kwa jumla mjini kwa bei iliyokaribia shilingi mia mbili. Unga wa mia, kwa sehemu kubwa, ulikwisha katika maduka makubwa ya mijini kabla ya kufika katika vijiji kama hivi vyetu. Basi tulikuwa tumemhukumu mtu kwa kosa la kutokuwa na kitu ambacho hakuletewa. Na mbuzi tulikwisha mla.

Hii ndiyo sababu ya kusimama kwetu hapa. Lakini kabla ya kufika kwenye hoja iliyo mezani, twapenda mwone kwamba kosa letu si geni. Limefanywa na wakubwa wenye kanzu nyekundu, na limefanywa na Serikali mbalimbali, nasi watu wa Taita tulipaswa kulitambua upesi kuliko wengine.

Mlima wa Kasigau mwaujua, huonekana na kila msafiri wa barabara kuu. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kijerumani walivuka mpaka wakawashambulia Waingereza waliokuwa huko. Wakubwa wa Kiingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliowaonyesha adui njia. Vijiji vilichomwa moto, na watu wakahamishwa mpaka Malindi, wazee kwa watoto, na wengi walikufa huko ugenini kwa maradhi na njaa. Waliosalia walirudi baada ya miaka mingi. Hapakuwa na kesi. Hakuna mzee aliyeitwa akaulizwa, Ninyi mlijua nini, na mlifanya nini? Wajukuu wao wangali wakilieleza jambo hilo, na katika maelezo yao kuchomwa kwa nyumba hakutajwi kwa uchungu kama kule kutoulizwa.

Na pale palipokuwa na kesi, mambo yalikuwaje? Katika koloni ya Kenya Mzungu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri, yaani baraza la raia walioapishwa, nao wote walikuwa Wazungu wenzake. Neno lao ndilo lililokata shauri: wakisema hana hatia, jaji hana la kufanya. Mwaka 1923 mkulima mmoja wa Molo, Jasper Abraham, alimpiga mtumishi wake aitwaye Kitosh, kwa sababu alimpanda farasi badala ya kumwongoza kwa miguu, akamfunga, na Kitosh akafa usiku ule. Mahakamani walisimama madaktari wakasema kwamba yule mtu alikufa kwa kuwa alitaka kufa. Juri haikumwona Abraham na hatia ya kuua, bali ya kuumiza tu, naye akafungwa miaka miwili. Ilipita miaka mingi kabla ya juri ya Wazungu kusema neno lingine. Mwaka 1959 Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge huko Nairobi. Juri ikamwona na hatia ya kuua, naye akanyongwa tarehe 18 Agosti 1960, Mzungu wa kwanza katika nchi hii kunyongwa kwa kumwua Mwafrika.

Twataja kesi hizo mbili kwa kuwa wako wasemao kwamba juri ni jambo jema kwa kila hali, na wako wasemao kwamba ni jambo baya kwa kila hali. Juri ni watu. Ikiwa wamechaguliwa kutoka upande mmoja wa kijiji, watauona upande mmoja. Hata sisi saba tulioketi chini ya mgunga tulikuwa wanunuzi wa unga, wote saba. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuwa na duka.

Mwafrika aliyeshitakiwa hakupewa juri. Alipewa wale walioitwa wazee wa baraza, desturi iliyokuja kwetu kutoka katika sheria za Uhindi wakati wa Waingereza. Waliketi karibu na jaji, wakasikiliza ushahidi wote, na mwishoni kila mmoja akaulizwa maoni yake. Lakini jaji hakufungwa na maoni hayo. Wote wangeweza kusema, Huyu hana kosa, naye jaji akampeleka mtu kitanzini; na kinyume chake pia. Dedan Kimathi alipohukumiwa Nyeri mwezi wa Novemba 1956, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, waliketi pia wazee watatu Waafrika, nao wote watatu walisema ana hatia. Mpaka leo watu hubishana kama wazee wale, katika siku zile za hatari, wangaliweza kusema neno lingine lolote.

Juri ya Wazungu ilikoma pamoja na utawala wao. Wazee wa baraza walibaki baada ya uhuru, katika kesi za mauaji hasa, zaidi ya miaka arobaini. Baadhi ya wazee waliotutangulia waliwahi kuitwa Mombasa kwa kazi hiyo, nao walitusimulia. Mtu aliacha shamba lake, akalala katika nyumba za kulala wageni, akapewa posho ambayo haikumtosha. Kesi ikiahirishwa, arudi kwao aitwe tena. Mmoja wa wazee watatu akiugua, waliobaki wawili waliweza kuendelea. Lakini wakikosekana wawili, kesi ilianza upya tangu shahidi wa kwanza, na mshitakiwa arudi rumande. Mwisho wa hayo yote jaji aliwashukuru kwa adabu, kisha akaandika hukumu yake kama alivyoona mwenyewe. Ndipo mwaka 2007 Bunge likaifuta desturi hiyo, na tangu hapo jaji wa Kenya huketi peke yake. Jirani zetu wa Uganda wangali nayo.

Tulipopata habari hiyo wakati ule wengi wetu tulinung'unika kwamba wazee wamefukuzwa mahakamani. Twakiri sasa kwamba tulililia kiti zaidi ya kazi. Kuulizwa maoni na kisha kuachwa si sawa na kuamua, na mtu aliyekwisha zoea kwamba neno lake halina uzito huacha kulipima neno hilo kabla ya kulisema. Lakini jambo moja lilikuwa jema katika mahakama zile, nalo ni kwamba wale wazee hawakuulizwa neno lolote mpaka mshitakiwa alipokwisha kujitetea. Walilazimika kungoja. Sisi hatukungoja.

Iko sehemu moja ambamo wazee walipewa kuamua kweli, nayo ni ardhi. Kwa sheria ya mwaka 1981 magomvi mengi ya mashamba yaliondolewa kwa mahakimu yakapelekwa mbele ya wazee, na Bwana D.O. akiwa mwenyekiti. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1990 iliyoweka mabaraza ya magomvi ya ardhi, na mabaraza hayo yalidumu mpaka yalipoondolewa mwaka 2011 na sheria ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Katika miaka hiyo thelathini wazee walisuluhisha mengi ambayo wakili angeyala mpaka mifupa. Walikosea pia. Mara nyingi walitoa amri juu ya hati za kumiliki ambazo sheria haikuwapa ruhusa kuzigusa, na Mahakama Kuu ikazitangua. Na tuseme wazi, maana tuko nyumbani: palikuwa na mabaraza ambamo mwenye ng'ombe wengi hakushindwa kesi.

Sasa tugeukie upande wa bei na mapato.

Watu wetu wengi walikwenda Mombasa kutafuta kazi, bandarini na katika reli, na wengine walikata mkonge katika mashamba ya Voi, Mwatate na Taveta. Mshahara wa siku zile ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke. Ilidhaniwa kwamba mke na watoto watakula shambani. Kwa maneno mengine, mama aliyelima mlimani Taita ndiye aliyemlipia tajiri wa Mombasa sehemu ya gharama ya kazi. Kamati ya Serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilikiri jambo hilo katika ripoti ya mwaka 1954, ikapendekeza kwamba mshahara uelekezwe kwenye mahitaji ya mtu mwenye jamaa.

Kabla ya hapo, mwezi wa Januari 1947, wafanya kazi wa Mombasa walikuwa wamegoma wote pamoja, karibu wiki mbili, kwa sababu ya ughali wa vitu na uchache wa mishahara. Chege Kibachia ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama chao, naye mwaka uleule alikamatwa akahamishwa mbali. Lakini Serikali ilimweka Jaji Thacker asikilize habari ya mishahara hiyo, na nyongeza ikatolewa. Mtaona ajabu kidogo mkikumbuka kwamba ni Thacker yuyo huyo aliyeketi Kapenguria akamfunga Jomo Kenyatta na wenzake mwezi wa Aprili 1953, peke yake, pasipo juri wala wazee wa baraza. Kwa habari ya mishahara alisikiliza pande mbili. Habari ya Kapenguria twawaachia ninyi mpime.

Baada ya hapo yalikuja mapatano. Mwezi wa Oktoba 1962 Serikali, waajiri, na vyama vya wafanya kazi walitia sahihi mkataba wa uhusiano wa kazi, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi. Kila upande uliahidi kuzungumza kabla ya kupigana. Mwaka 1964, nchi ikiwa changa na vijana wasio na kazi wakijaa mijini, pande zilezile tatu zikapatana tena: Serikali itaongeza watu wa kazi kwa asilimia 15, waajiri wengine kwa asilimia 10, na vyama vya wafanya kazi havitadai nyongeza ya mshahara wala kugoma kwa muda wa miezi 12. Watu waliojiandikisha kutafuta kazi walizidi laki mbili. Waliopata walikuwa sehemu ndogo tu ya hao, na wengine waliandikwa leo wakaachishwa baadaye. Hata hivyo mapatano yale yalikuwa na uzuri wake, kwa kuwa kila aliyetia sahihi alitoa kitu.

Uingereza nao walijaribu mwaka huohuo. Mwezi wa Desemba 1964 Serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walitangaza nia yao juu ya bei na mapato, na mwaka uliofuata wakaweka halmashauri ya kuchunguza bei zinazopanda na mishahara inayodaiwa. Ilivunjwa mwaka 1971. Na mwaka 1967 walibadili juri yao ya kale, ambayo zamani ilitaka watu wote kumi na wawili wawe na neno moja, ikawa kumi wakikubaliana hukumu yaweza kupita. Wale waliotuletea desturi hizo hawakuziona kuwa maandiko matakatifu, wala hatuna sababu ya kuziona hivyo sisi.

Turudi Kenya. Katika mapatano ya mwaka 1964 ni nani hakuwako mezani? Hakuwako mwenye mbuzi. Hakuwako mama wa shambani, wala mwenye duka la kijiji, wala kibarua wa siku moja moja. Mshahara wa mfanya kazi ulifungwa kwa mwaka, lakini bei ya mahindi haikuwa na mtu wa kuizungumzia katika meza ileile. Bei ilikuwa na sheria yake na waziri wake. Kwa miaka mingi bidhaa nyingi zilipangiwa bei na Serikali, na mahindi hayakuruhusiwa kuvuka mpaka wa wilaya bila kibali, ila kiasi kidogo tu. Mtakumbuka vizuizi vya barabarani. Gunia lilikuwa rahisi upande mmoja wa kizuizi na ghali upande wa pili, na sisi wa nchi kavu tulikuwa upande wa pili. Mwisho wa mwaka 1993 biashara ya mahindi iliachwa huru, na mwaka uliofuata bei ya mafuta nayo. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria nyingine inayompa Waziri ruhusa ya kuweka bei ya juu kabisa kwa vitu vya lazima kama unga, sukari, mchele na mafuta ya taa. Bei ya mafuta ya gari leo hutangazwa kila mwezi. Bei ya mbuzi haitangazwi na mtu.

Hapo ndipo twataka mtutegee sikio. Mwaka wa ukame unga hupanda na mbuzi hushuka kwa wakati mmoja. Mbuzi aliyempa mtu unga wa mwezi mzima katika mwaka mzuri, mwaka ule wa 2022 alimpa unga wa siku chache. Sisi tulimkamata mwenye duka kwa sababu ya unga, wala hatukumwuliza neno mnunuzi wa mifugo aliyekuja na lori lake kutoka mjini, akapanga bei yake mwenyewe, akaondoka na mifugo yetu. Huyo hakuwa jirani. Tulimshika aliye karibu, ambaye watoto wake husoma na wetu. Na Serikali ilipopanga shilingi mia haikuwauliza wenye maduka ya vijijini kama watafikiwa, wala nasi hatukuwauliza.

Basi kamati yaomba mkutano uamue mambo haya.

Tukiketi katika hukumu, mshitakiwa aseme mpaka amalize, na karatasi zake zisomwe, kabla ya mzee yeyote kutoa maoni. Kati ya saba wawemo mama wawili na kijana mmoja, na katika kesi ya biashara awemo mtu anayejua biashara. Faini isipite ila watano wamekubali, na yule asiyekubali neno lake liandikwe katika kitabu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, yazitambua njia zetu za kusuluhisha, na mwaka 2020 Mahakama ilitoa sera juu ya jambo hilo. Lakini Katiba hiyohiyo yakataza njia yoyote inayovunja haki za mtu. Kwa hiyo twasema bila kuficha: kesi ya mtoto aliyenajisiwa isiletwe kwetu kamwe. Tangu mwaka 2006 sheria ya makosa hayo iko, na mahali pake ni polisi na mahakamani. Mzee atakayepokea mbuzi ili kuifunika kesi ya namna hiyo na atolewe katika kamati siku ileile. Twajua kwamba jambo hili litawakera wengine, nao wana uhuru wa kusimama walijibu.

Juu ya bei, twaomba kila baada ya miezi mitatu, na kila mwezi wakati wa ukame, wenye maduka, wauza maji, wenye magari, na wenye mifugo wakae pamoja nasi. Mwenye duka aje na stakabadhi zake, aseme amenunua kwa bei gani na nauli ni kiasi gani, nasi tupatane faida yake iwe ngapi. Wenye mifugo nao wapatane bei ya chini ambayo hakuna atakayeuza pungufu yake, na wakusanye wanyama wao ili mnunuzi wa mjini azungumze na wengi badala ya kumkuta mmoja mmoja mwenye njaa. Hatuna askari wa kuyalinda mapatano hayo. Yatalindwa na kule kujuana kwetu, na kwa hiyo ni lazima kila anayefungwa nayo awe alikuwako yalipofanywa. Mwenye duka akikubali faida ndogo, nasi tukubali kulipa madeni yetu ya dukani. Daftari lake la mikopo tumeliona, na majina ya baadhi yetu wazee yamo, na si ya mwezi huu.

Limebaki la mbuzi. Hoja iliyo mbele yenu ni kwamba Chama kimlipe yule mwenye duka thamani ya mbuzi wake kutoka katika mfuko wa Chama. Wako wanachama wanaosema kwamba si haki mfuko wa wote ulipe kosa la watu saba, na kwamba sisi saba ndio tulipe. Sisi saba tumekwisha kulizungumza hilo, nasi hatupingi. Wako pia wanaosema kwamba mzee akirudisha faini aliyoitoza atavunja heshima ya baraza, na hakuna atakayeliheshimu tena. Hilo twalipinga.

Lakini kabla ya kura kupigwa twaomba jambo moja, Mzee Mwenyekiti. Mtu huyo amekuja leo. Ameketi kule nyuma, karibu na mlango, na sanduku lake la viatu liko miguuni pake. Siku ile tulimkatiza alipokuwa anaanza kusema. Twaomba apewe nafasi sasa, naye aseme kwanza.